Karoti, tango na letusi: kisa cha simbilisi aliyeugua kwa vyakula salama

Mgonjwa alikuwa simbilisi jike, umri wake mwaka mmoja na ushei, manyoya meupe yenye kahawia mgongoni. Kwao anaitwa Tulia. Maelezo ya mama aliyemleta yalikuwa mafupi: hatembei sawasawa, analia akishikwa, chakula anakisogelea kisha anakiacha. Mwenzake, Doa, wa uzao huohuo, ni mzima kabisa. Wanaishi tundu moja, wanakula sahani moja, wanakunywa chupa moja. Mama alikuwa na hakika kwamba Tulia ameangushwa, au amenasa mguu kwenye waya.

Chakula hakukishuku hata kidogo, na alikuwa na sababu. Kabla hajawaleta wanyama hawa nyumbani alitafuta orodha ya vyakula salama kwa simbilisi, akaiandika kwa mkono, akaibandika ukutani jikoni. Hakuwahi kuwapa kitu kisichokuwa kwenye orodha ile.

Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu ya orodha hiyo. Nimeipitia yote, na hakuna chakula hata kimoja kilichoandikwa mle ambacho kingeweza kumdhuru simbilisi kwa kiasi alichokuwa akipewa. Wafugaji wengi huuliza swali moja tu, "hiki ni salama?", wakijibiwa ndiyo wanaridhika. Tulia alikuwa anakula vilivyo salama kila siku na afya yake inaporomoka, kwa sababu ya kile ambacho vyakula hivyo havikuwa nacho.

Hali yake alipofika

Alikaa amejikunja, manyoya yamesimama na yamekosa mng'ao. Nilipomweka chini alisogea kwa kurukaruka, miguu ya nyuma yote miwili ikienda pamoja, kama anayeogopa kuikunja. Magoti yalikuwa yamevimba. Nilipoligusa la kushoto alipiga kelele ile kali ambayo kila mfugaji wa simbilisi anaijua, na la kulia vilevile. Kidevu kilikuwa kimelowa mate. Nilipoinua mdomo wa juu niliona fizi nyekundu kuzunguka meno ya mbele, na damu kidogo pale ufizi unapokutana na jino. Kinyesi chake kilikuwa kidogo na laini kuliko kawaida.

Mizani ilisoma gramu 740. Kwa bahati njema, binti wa nyumba ile alikuwa na daftari la uzito wa wanyama wake, na ukurasa wa miezi michache nyuma ulionyesha gramu 930. Amepoteza gramu 190, yaani kama sehemu moja ya tano ya mwili wake, na hakuna mtu aliyegundua. Simbilisi ni mnyama wa kuwindwa, na maumbile yamemfundisha kuficha ugonjwa mpaka asiweze tena kuuficha. Manyoya mengi nayo yanaficha mbavu. Ndiyo maana mizani ya jikoni, mara moja kwa wiki, ni kifaa muhimu kuliko vyote anavyoweza kuwa navyo mwenye simbilisi. Akipungua gramu 50 na zaidi katika wiki bila sababu unayoijua, usingoje aanze kuchechemea.

Sasa, kuchechemea kwa miguu ya nyuma kuna sababu nyingi. Jeraha la kuanguka lipo, lakini mara nyingi huumia mguu mmoja, na hapa magoti yote mawili yalikuwa yamevimba kwa kiasi kimoja. Vidonda vya nyayo vipo, hasa kwa wanaokaa juu ya waya mtupu. Nyayo zake zilikuwa safi. Mawe ya kibofu humfanya mnyama ajikunje na kulia, ila hulia zaidi anapokojoa, na kibofu chake nilikipapasa sikukuta kitu. Meno yaliyozidi urefu hutoa mate na kumfanya mnyama akiache chakula mdomoni. Hayo niliyatilia shaka, lakini meno hayavimbishi magoti.

Ugonjwa mmoja unaeleza yote kwa pamoja: magoti, fizi, manyoya, uzito, kinyesi na kilio. Ni kiseyeye, uleule uliowaua mabaharia wa zamani katika safari ndefu.

Kwa nini simbilisi, na kwa nini si sungura

Wanyama wengi hujitengenezea vitamini C mwilini. Mbwa hutengeneza, paka hutengeneza, sungura hutengeneza, panya hutengeneza. Simbilisi hawezi. Ini lake halina kimeng'enya cha mwisho kinachohitajika kukamilisha kazi hiyo, na katika jambo hili yuko kundi moja na binadamu na nyani. Tena hawezi kuihifadhi kwa muda mrefu. Anachokula leo ndicho kitakachomtunza leo na siku chache zijazo.

Ukweli huu una historia yake. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakitafuta kuelewa ugonjwa mwingine wa lishe. Wanyama wakatokwa na kiseyeye, na wakapona walipopewa mboga mbichi. Kabla ya hapo hakukuwa na mnyama wa maabara aliyejulikana kuupata ugonjwa huo. Ilichukua miaka 25 zaidi, mpaka 1932, kuthibitishwa kwamba asidi askobiki ndiyo vitamini C yenyewe, na uthibitisho huo nao ulipitia kwa simbilisi. Mnyama huyu ametufundisha mengi kuhusu lishe yetu sisi wenyewe. Inaniuma kuona bado anaugua ndani ya nyumba zetu kwa jambo lililojulikana zaidi ya karne moja iliyopita.

Kazi kubwa ya vitamini C ni kuuwezesha mwili kutengeneza kolajeni, protini inayoshikilia kuta za mishipa ya damu, fizi, viungo na mizizi ya meno. Ikikosekana, mishipa midogo huanza kuvuja. Damu inapenya kwenye viungo, magoti yanavimba na kuuma. Fizi zinalegea, na meno yanaanza kucheza kwenye vitundu vyake. Mnyama anayeumwa fizi anapunguza kula, na kila anavyopunguza kula ndivyo hata ile vitamini kidogo inavyozidi kupungua. Akinyimwa kabisa, dalili hujitokeza ndani ya wiki 2 hadi 3.

Mahitaji yake si makubwa. Simbilisi mzima anahitaji takriban miligramu 10 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na wengi wetu tunapendelea kulenga zaidi ya hapo kidogo. Mwenye mimba, anayekua au anayeumwa anaweza kufikia miligramu 30. Kwa Tulia, alipokuwa na kilo moja kasoro, tunazungumzia miligramu kumi na kitu tu kwa siku.

Ndani ya sahani

Nilimwomba mama anieleze siku nzima ya kula, asubuhi hadi usiku, kwa kiasi na si kwa majina tu. Hapo ndipo kisa kilipofunguka.

Chakula kikuu kilikuwa peleti, yaani chakula kilichosagwa na kubanwa kuwa vipande vidogo. "Za simbilisi?" nikauliza.

"Zamani ndiyo, Daktari. Ziliisha, hazikupatikana, nikachukua za sungura. Nilisoma nyuma ya mfuko, vitu ni vilevile: nyasi, ngano, madini."

"Ni tangu lini, mama?"

"Kama miezi miwili hivi."

Peleti za sungura na za simbilisi zinafanana rangi, umbo na harufu. Tofauti iliyo muhimu ni kwamba za sungura kwa kawaida haziongezwi vitamini C, maana sungura haihitaji kwenye chakula. Simbilisi anayekula peleti za sungura haonyeshi dalili ya sumu. Anashiba, anaonekana vizuri, na anaanza kupungukiwa. Hata za simbilisi zenyewe si za kutegemewa peke yake: vitamini C huharibika kwa hewa, joto, mwanga na unyevu, na peleti zilizokaa zaidi ya miezi 3 tangu kutengenezwa huwa zimepoteza sehemu kubwa ya ile waliyowekewa. Tarehe ya kuangalia kwenye mfuko ni ya kutengenezwa, na mfuko wenyewe ukishafunguliwa ufungwe vizuri, ukae mahali pakavu na penye ubaridi.

Mboga walizopewa kila siku zilikuwa tatu: karoti, tango, na letusi ile ya kichwa, iliyofungamana, yenye majani yaliyopauka. Mara kwa mara kipande cha tufaha. Zote ziko kwenye orodha ya vyakula salama, na ni salama kweli. Lakini zipige hesabu. Gramu 100 za karoti zina vitamini C kama miligramu 6. Tango lina kama 3. Letusi ya kichwa nayo ni kama 3. Tufaha, kama 5. Ili Tulia apate miligramu 12 kwa tango peke yake angetakiwa kula gramu 400, karibu nusu ya uzito wake, kila siku. Sahani yake yote ya mboga haikuzidi gramu 50, na ndani yake mlikuwa na miligramu mbili, tatu.

Ndiyo maana hakuanguka ndani ya wiki tatu kama wanaonyimwa kabisa. Alikuwa anapata tone, na tone hilo liliurefusha ugonjwa. Kiseyeye cha namna hii ndicho kinachoonekana majumbani: kinakuja taratibu, mnyama anapungua, anapoa, manyoya yanachakaa, na watu wanasema amekuwa mtulivu.

Kulikuwa pia na matone ya vitamini ya kutia kwenye maji. Mama aliyataja kwa fahari, na haikuwa rahisi kumwambia ukweli. Vitamini C iliyoyeyushwa kwenye maji huanza kuharibika mara, na mwanga unaopenya kwenye chupa huongeza kasi. Zaidi ya hapo huwezi kujua nani kanywa kiasi gani, na ladha ikibadilika wapo wanaokunywa maji kidogo kuliko kawaida. Anayeumwa na asiyekula mboga nyingi ndiye anayehitaji maji zaidi. Hivyo matone yale yalikuwa yanamsaidia mtu mmoja tu, mwenye wanyama, kwa kumtuliza moyo.

Swali la nyasi kavu lilinipa jibu lililonisikitisha kuliko yote. "Wanalalia," mama alisema. Nyasi zilitandikwa sakafuni mwa tundu mara moja kwa wiki, zikakanyagwa na kukojolewa. Hakuna aliyezihesabu kuwa chakula. Nitalirudia hili chini, kwa sababu lina ugonjwa wake wa pekee.

Doa mzima, Tulia mgonjwa

Maelezo haya yote yalikuwa na tundu moja kubwa. Ikiwa peleti ni zilezile na mboga ni zilezile, kwa nini Doa alikuwa na gramu 980, fizi zake za waridi, na anakimbia mezani mpaka tumzuie asianguke?

Kwa mama sikupata jibu. Binti, wa miaka kama tisa, alikuwa amesimama pembeni muda wote bila kusema kitu. Nikamgeukia.

"Mwanangu, wewe huwa unawapa kitu chochote? Usiogope, hakuna atakayekugombeza."

Akamtazama mama yake kwanza. "Nampa Doa hoho."

"Hoho ipi?"

"Ile mama anayoikata akipika. Kile kichwa chenye kikonyo, na ile nyeupe ya ndani. Nampa kwenye waya. Doa anakuja mbio. Tulia anajificha."

Hoho haikuwa kwenye orodha ya mama, kwa hiyo mtoto alikuwa anaitoa kimyakimya. Hoho ya kijani ina vitamini C kama miligramu 80 katika kila gramu 100, na nyekundu inapita 120. Kichwa cha hoho, ukitoa kikonyo, kinaweza kubaki na gramu 15 za nyama yake, na hizo ni miligramu 12. Ni mahitaji ya siku nzima ya mnyama kama Doa, kutoka kwenye masalia ya ubao wa kukatia. Doa alikuwa anatibiwa karibu kila siku na mtoto ambaye hakujua kwamba anatibu. Tulia, kwa woga wake, alikuwa anabaki nyuma ya nyumba yao ndogo ya mbao.

Hapa pana jambo ambalo orodha yoyote haiwezi kulieleza. Wanyama wawili kwenye tundu moja hawana mlo mmoja. Mmoja hufika kwanza, mmoja hufukuzwa, mmoja huchagua vitamu na kuacha vingine. Ukiweka chakula cha wawili kwenye sahani moja, unachojua ni kilichoingia tunduni, hujui kilichoingia tumboni mwa nani. Tangu siku ile nawaomba watu waweke mboga sehemu mbili zilizo mbali, na wakae dakika chache watazame.

Matibabu, na dawa iliyokuwa karibu kumuua

Tulia alipewa vitamini C kwa sindano siku ya kwanza, kisha kwa mdomo kila siku nyumbani, kwa dozi kubwa mara kadhaa kuliko ya kawaida, pamoja na dawa ya maumivu. Kipimo cha namna hiyo hupangwa na daktari wa wanyama kwa uzito wa mnyama husika. Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini vya binadamu sivyo, kwa sababu vitamini A na D vilivyomo humdhuru simbilisi vikizidi.

Alilishwa pia kwa bomba la sindano lisilo na sindano: uji mzito wa unga wa nyasi uliotengenezwa kwa wanyama wanaokula majani, kidogo kidogo, mchana na usiku. Jambo hili halingojwi. Tumbo la simbilisi linategemea chakula kinachopita bila kukoma. Akikaa nusu siku hadi siku nzima hajala, utumbo unaanza kusimama, gesi inajaa, na kifo kinaweza kufuata haraka. Isitoshe, hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia.

Tulipokuwa tunaagana mama akatoa chupa kwenye mkoba. Ilikuwa amoxicillin ya maji, iliyobaki mtoto alipougua koo. "Nilitaka kumpa tangu juzi, Daktari, nikasema nije kwanza nikuulize."

Namshukuru kwa kuuliza. Utumbo mpana wa simbilisi una sehemu kubwa ya mwanzo, sikamu, iliyojaa bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi na kumpa nguvu. Penisilini na jamaa zake, amoxicillin na ampicillin wakiwemo, na vilevile clindamycin na lincomycin, huwaua bakteria hao wema. Nafasi inayobaki hushikwa na bakteria wa kundi la Clostridium wanaotoa sumu, na mnyama hufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Kijiko cha dawa inayomponya mtoto kingemmaliza Tulia kabla kiseyeye hakijafanya hivyo.

Mlo mpya, na hatari ya kupitiliza

Tulianza na nyasi kavu, si na mboga. Mama alishangaa, maana alitegemea niseme hoho. Lakini nyasi kavu ndizo zinazopaswa kuwa zaidi ya robo tatu ya anachokula simbilisi mzima, safi, kijani, zenye harufu nzuri, zikiwa kwenye kihori na si chini ya miguu, muda wote wa siku. Simbilisi ana meno 20, na yote, mpaka magego ya nyuma, hayaachi kukua maisha yake yote. Kinachoyasaga ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi. Peleti huvunjika kwa kutafunwa mara chache. Karoti, ingawa ni ngumu, nayo haifanyi kazi ya nyasi. Asiyetafuna nyasi, magego yake ya chini hurefuka na kuinama juu ya ulimi, mpaka anaona chakula, anakitaka, na hawezi kukimeza. Mate ya Tulia yalitokana kwa sehemu na hali hiyo iliyokuwa inaanza.

Baada ya nyasi, mboga za siku: kila mnyama kipande cha hoho, jani la letusi ya majani marefu yenye kijani kilichokolea, na mboga moja ya kubadilishabadilisha, kama giligilani au kijishina cha brokoli. Kwa jumla, kiasi cha kiganja kwa kila mmoja. Peleti za simbilisi, kijiko kimoja au viwili vya mezani kwa siku, basi. Karoti ikashushwa cheo: kipande chembamba mara chache kwa wiki, kwa ajili ya sukari iliyomo. Matunda hali kadhalika. Pera na chungwa vina vitamini C nyingi, pera kupita hata hoho, lakini sukari yake haifai kuwa ya kila siku kwenye sikamu iliyozoea nyuzinyuzi.

Tulia aliikataa hoho. Aliinusa, akaondoka. Simbilisi hujifunza vyakula vyake akiwa mdogo, na anachokutana nacho ukubwani hukiona kitu kigeni, hata kama kingemwokoa. Nilimshauri mama asimnyime vingine ili kumlazimisha, maana atagoma kula kabisa. Kilichofanikiwa ni Doa. Waliwekwa karibu, kila mmoja na kipande chake chembamba kama njiti, na Doa akala mbele yake siku baada ya siku. Wiki ya kwanza ikaisha Tulia akiilamba tu. Wiki ya pili akaanza kutafuna ncha.

Walipoletwa kukaguliwa, mama alikuwa na wasiwasi mwingine. Kwenye kitambaa cha tundu kulikuwa na madoa meupe, yakikauka yanakuwa unga unaokwaruza vidoleni. Nikamwuliza ameongeza nini. Kwa hofu ya kiseyeye alikuwa amewajazia sukuma wiki na spinachi kila siku, na akanunua lusani (alfalfa) kavu badala ya nyasi kwa kuwa aliambiwa ina nguvu.

Yote hayo yana kalsiamu nyingi, na kalsiamu ya ziada ya simbilisi hutoka kwa mkojo. Ikizidi, huganda kuwa chembechembe, na chembechembe huweza kuwa jiwe la kibofu, ambalo mara nyingi halitoki ila kwa upasuaji. Spinachi ina pia asidi oksaliki, nayo haisaidii. Lusani inamfaa aliye na mimba na mtoto chini ya miezi 6, ambao mifupa inadai kalsiamu. Kwa wazima kama hawa, nyasi za kawaida zinatosha. Tukarudisha nyasi, sukuma wiki ikawa jani moja mara moja au mbili kwa wiki, na maji yakaongezwa kwa kuwapa mboga zikiwa bado na matone ya kuoshwa. Madoa yakapungua. Tango, ambalo nililisema kwa ukali hapo juu, hapa lilifaa: lina maji mengi na kalsiamu kidogo.

Sumu za kweli

Vipo vyakula ambavyo havina mjadala, na mama alikuwa anavijua: vitunguu vya aina zote, kitunguu saumu kikiwemo, parachichi, viazi hasa vyenye ukijani au vilivyochipua, majani na shina la nyanya, maharage makavu mabichi, uyoga, chokoleti. Mkate, maziwa na nyama havina nafasi kwenye tumbo la mla majani. Kabichi na jamii yake hazina sumu, ila huleta gesi zikitolewa nyingi kwa mara moja, kwa hiyo huanzwa kwa kipande kidogo.

La kuongeza ni moja, kwa kuwa watu hulifanya kwa nia njema. Nyasi mbichi zinafaa sana, zina hata vitamini C, ikiwa zimekatwa kwa mkono mahali pasipopuliziwa dawa na pasipopitiwa na mbwa. Zilizokatwa kwa mashine na kurundikwa ni hatari. Mashine huzisaga, zinapata joto na kuanza kuchacha ndani ya saa chache, na uchachu ule huendelea tumboni. Ukizishika rundo zima ukasikia joto kwenye kiganja, zitupe.

Alipofikia Tulia

Maumivu yalipungua mapema kuliko nilivyotarajia. Siku ya nne mama alinipigia kusema ametembea mpaka kwenye kihori mwenyewe. Fizi zilikauka damu ndani ya wiki. Uzito ulipanda polepole, gramu 765, kisha 810, kisha 860, na mara ya mwisho 915. Goti la kulia limerudi. La kushoto halikunjiki hadi mwisho, na sidhani litakunjika, kwa kuwa damu iliyovuja mle kwa wiki nyingi imeacha ugumu. Anapanda kwenye nyumba yao ya mbao akitanguliza mguu wa kulia.

Magego yake nitayakagua kila baada ya miezi mitatu katika mwaka huu, hadi niridhike kwamba nyasi zinayasaga sawasawa. Daftari la uzito bado ni la binti, na sasa lina safu ya pili kwa kila mnyama: anaandika nani amekula hoho.